Waya wa kijani si wa ziada

Wahenga walituachia methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi hufundisha isimu, na kwa karibu miaka ishirini nimezipekua kamusi za methali darasani pamoja na wanafunzi wangu, lakini sijakutana bado na methali iliyo mashuhuri kama hiyo inayomwonya mkuu asiyesikia la mtoto. Naandika makala haya kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkuu huyo, na guu lililokaribia kuvunjika halikuwa langu bali la binti yangu.

Nyumbani kwetu hapa Nakuru tuna tangi la kioo la samaki. Tuliliweka sebuleni juu ya kabati imara, tukatandaza changarawe chini yake, tukapanda majani ya majini. Anayelitunza ni binti yangu aliye katika Gredi ya Nane. Huyapunguza majani yakirefuka, huwalisha samaki, na usiku wa baridi huhakikisha kwamba kile kifaa cha kupasha maji joto kinafanya kazi. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na samaki wengi wa mapambo ni wa nchi za joto, kwa hivyo baridi yetu si ya kufanyiwa mzaha.

Baada ya miezi kadhaa majani yale yalianza kugeuka manjano. Binti yangu alikuwa amefundishwa shuleni habari za usanisinuru, akaniambia kwamba mimea ina njaa ya mwanga. Taa zinazoundwa mahususi kwa matangi ya samaki ni ghali na hazipatikani kwa urahisi. Basi tukafanya wanavyofanya wengi. Tukanunua taa ya LED ya wati 30, ile ambayo watu huifunga nje ya nyumba kuangaza ua, na ambayo mitaani imeazima jina la zile taa ndefu za mitaa yetu: mulika mwizi. Ni taa ya bei nafuu, ina mwanga mwingi, na ganda lake ni la chuma. Wazo lenyewe halikuwa baya, na hata leo sijalikana. Kosa lilikuwa katika namna ya kuiunganisha.

Nilimwita kijana mmoja fundi wa stima. Aliutazama waya wa ile taa, akaona una nyuzi tatu ndani yake: ya kahawia, ya samawati, na ya kijani yenye mistari ya manjano. Akaukata ule wa kijani kwa koleo, akaukunja, akaufunika kwa utepe. "Huu ni wa ziada, Mwalimu," aliniambia. Zile mbili zilizobaki akazifunga kwenye plagi ya pini mbili. Soketi ilipoikataa plagi hiyo, kama soketi zetu zinavyopaswa kuikataa, aliniomba kalamu. Nikampa kalamu nyekundu ninayosahihishia mitihani. Akaisukuma katika tundu la juu la soketi, mlango wa ndani ukafunguka, plagi ikaingia. Taa ikawaka, nasi tukashangilia. Nikamlipa, tena nikamwongeza ya chai.

Siku mbili baadaye binti yangu aliniita kutoka sebuleni: "Mama, maji yananiuma."

Nilikuwa nasoma tasnifu ya mwanafunzi. Bila ya kuinua macho nikamjibu jinsi mwalimu wa lugha anavyojibu: "Maji hayana meno. Sema maji yanakuwasha." Akanyamaza. Nilikuwa nimeisahihisha sentensi na kuupuuza ujumbe. Kwa muda wa siku tatu mtoto aliendelea kutia mkono katika tangi lile, akiwa miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji, kwa kuwa mama yake, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, alimwonyesha kwamba tatizo lilikuwa katika uteuzi wake wa kitenzi. Siku ya nne nilitia mkono mwenyewe nilipotaka kuokota jani lililooza. Maji yaliniuma. Hakuna kitenzi kingine cha Kiswahili kinacholieleza jambo lile barabara kuliko alichokitumia yeye.

Nilichomoa kila kitu, nikamtafuta fundi mwingine, mzee aliyefanya kazi hiyo tangu ujana wake. Alipima, akatikisa kichwa. Mguu mmoja wa chuma wa taa ulikuwa umeteleza ukagusa maji. Umeme kidogo ulikuwa ukivuja kutoka ndani ya taa hadi kwenye ganda, kutoka kwenye ganda hadi majini, na kutoka majini ukiutafuta udongo kupitia mwili wa yeyote aliyekuwa karibu. "Leo ulikuwa unavuja kidogo, Mwalimu," alisema. "Kesho ungekuja wote." Kisha akaniuliza swali ambalo halijaniondoka moyoni: "Waya wa kijani mliupeleka wapi?"

Naomba nieleweke. Sina nia ya kumshtaki yule kijana. Alijifunza kazi kwa kumtazama mtu mwingine, naye mtu huyo alijifunza kwa kumtazama mwingine. Hakuna aliyewahi kumweleza, kwa lugha anayoielewa, waya ule ni wa nini. Mimi nami nilikuwa nimesimama pale. Nimehitimu, nazijua lugha tatu, nami sikujua. Hoja yangu leo ni kwamba ujinga huu tulioshirikiana kijana yule na mimi una sababu ya kilugha, na kwamba walimu wa Kiswahili na walimu wa sayansi wanaweza kuuondoa.

Tuanze na mambo yenyewe, maana haifai kulalamikia elimu bila ya kuitoa.

Umeme unaoingia majumbani mwetu nchini Kenya ni wa volti 240. Huingia katika taa kwa waya wa kahawia na kurudi kwa waya wa samawati. Waya wa kijani na manjano haubebi chochote siku zote za amani. Kazi yake ni siku ya vita. Mwisho wake mmoja umefungwa kwenye ganda la chuma la taa, na mwisho wa pili, kupitia pini ndefu ya plagi na nyaya za nyumba, umezikwa ardhini. Umeme ukitoroka ndani ya taa na kulifikia ganda, huikuta njia hiyo nyepesi na kuifuata kwenda ardhini badala ya kumngoja mtu aje kuwa njia. Ndiyo maana pini ya tatu ya plagi zetu imefanywa ndefu kuliko zile mbili, ili ulinzi uwe wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Anayeisukumia kalamu soketi ili iipokee plagi ya pini mbili amemhonga askari wa mlangoni.

Taa nyingi za bei nafuu zina hatari nyingine. Zile zilizoundwa vizuri huwa na kifaa ndani ambacho huugeuza umeme wa volti 240 kuwa wa volti chache kabla haujazifikia punje za LED, na huzitenga pande hizo mbili zisigusane. Katika nyingine kifaa hicho hakipo. Umeme wa ukutani hufika wenyewe kwenye kibao cha punje hizo, na kinachokitenganisha kibao na ganda la chuma ni utando mwembamba tu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo taa yoyote ya ganda la chuma iliyokuja na nyuzi tatu itumie nyuzi tatu, wala pasiwe na mjadala.

Kuhusu plagi, wanafunzi wanaosomeshwa kwa Kiingereza hukumbuka mahali pa nyaya kwa kulinganisha herufi za mwanzo za majina ya rangi na herufi za majina ya pande. Hila hiyo haisaidii chochote kwa Kiswahili. Lakini Kiswahili ni lugha ya vina, na vina vimekuwa ghala la kumbukumbu zetu tangu zamani. Ukiifungua plagi ya pini tatu, ukaitazama kwa ndani pini ndefu ikiwa juu, sema hivi: kahawia kulia, samawati kushoto, kijani juu. Kahawia na kulia zina kina kimoja, na ukishalikumbuka neno la kwanza mengine yatafuata. Mwalimu anayetaka watoto wasisahau kamwe awaongezee kwamba anayeukosea waya wa kulia atalia.

Tena tahadhari. Katika kuta za nyumba nyingi za zamani, na Nakuru ni mji wenye nyumba za zamani, utazikuta rangi nyingine: nyekundu kwa waya wenye moto, nyeusi kwa ule wa kurudisha, na kijani kitupu kwa ule wa ardhini. Katika mpangilio mpya weusi huweza kuwa ni waya wenye moto. Kwa hivyo nyaya za ukutani tumwachie mtu mwenye leseni, kama Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inavyotaka. Mtu wa kawaida ajue tu plagi yake na taa yake, na ajue maswali ya kumwuliza fundi.

Fyuzi nayo imezungukwa na imani potofu. Wengi hudhani kwamba fyuzi humlinda mtu. La hasha. Fyuzi huulinda waya usishike moto. Taa ya wati 30 katika volti 240 huhitaji takriban thumuni ya ampea moja. Plagi nyingi zinapouzwa huwa na fyuzi ya ampea 13. Kwa taa kama hii fyuzi inayofaa ni ya ampea 3, ambayo inatosha hadi wati 720. Lakini hata hiyo haimwokoi binadamu. Mkondo wa miliampea 30, yaani sehemu thelathini za elfu moja za ampea, ukipita kifuani waweza kuyahatarisha maisha ya mtu. Fyuzi ya ampea 13 hupitisha zaidi ya mara mia nne ya kiasi hicho bila ya kushtuka.

Kinachomlinda mtu ni ile swichi ya kinga ambayo hulinganisha umeme unaotoka na umeme unaorudi. Ikiona kwamba kilichorudi kimepungua, hujua kuna mahali kinapovujia, nayo hujikata yenyewe katika muda usiozidi sehemu tatu za kumi za sekunde. Iliyo ya kufaa nyumbani hujikata tofauti ikifikia miliampea 30. Hapa ndipo umuhimu wa waya wa kijani unapojitokeza tena. Waya huo ukiwapo, umeme hupata pa kuvujia mara tu hitilafu inapotokea, na swichi hujikata kabla ya mtu yeyote kugusa kitu. Usipokuwapo, swichi hungoja mpaka mwili wa mtu uwe ndio mfereji. Mwenye tangi la samaki na asiye na swichi hiyo katika sanduku lake la umeme, aiweke hiyo kabla ya kununua samaki mwingine.

Yamebaki mambo madogo ambayo ndiyo makubwa. Juu ya sanduku la taa za nje huandikwa herufi mbili na tarakimu mbili, kwa mfano IP65. Tarakimu ya kwanza huhusu vumbi na ya pili huhusu maji. Sita ni kwamba vumbi haliingii kabisa. Tano ni kwamba taa hustahimili maji yanayorushwa kutoka kwenye mpira. Hiyo haina maana kwamba taa yaweza kuzamishwa. Uzamishaji wa muda mfupi, usiopita kina cha mita moja kwa nusu saa, huanzia kwenye saba. Isitoshe, tarakimu hizo huhusu taa yenyewe, wala hazihusu kiungo anachokifunga fundi kwenye ule waya mfupi unaotoka nyuma yake. Ukisokota nyaya na kuzungushia utepe, umenunua taa isiyopitisha maji na kuipachika mdomo wa kunywea. Kiungo kikae ndani ya kisanduku chake kinachozibwa kwa mpira, nacho kikae mbali na maji.

Soketi isikae chini ya tangi, na kile kibao cha soketi nyingi kisilazwe sakafuni kando yake. Waya unaotoka kwenye tangi kuelekea soketi uachwe ulegee mpaka ushuke chini ya usawa wa soketi, kisha ndipo upande. Tone la maji litakaloufuata waya litafika mahali pale pa chini kabisa na kudondokea sakafuni, badala ya kuingia ndani ya soketi. Nyumbani kwetu mahali hapo tunapaita tumbo la waya, na binti yangu husema waya usio na tumbo una njaa ya kuua. Taa yenyewe ining'inizwe kwa minyororo miwili iliyofungwa kwenye dari au kwenye fremu, mmoja ukikatika wa pili uizuie. Isining'inizwe kwa waya wake wa umeme. Ipewe nafasi ya kupumua kwa sababu ganda lake hupata moto. Kati yake na maji pawe na kifuniko cha kioo.

Mwisho, kabla mkono haujaingia majini, kila plagi itoke: ya taa, ya pampu, ya kipasha joto. Hicho cha mwisho kipewe robo saa kipoe kabla ya kutolewa majini. Na majani yakishapata saa sita hadi nane za mwanga kwa siku yametosheka. Yakizidishiwa, kitakachostawi ni mwani wa kijani kwenye vioo.

Haya yote nimeyaeleza kwa Kiswahili, nami sikuhitaji neno hata moja ambalo mwanafunzi wa Gredi ya Nane asingelielewa baada ya kulisikia mara mbili. Mbona basi hayaelezwi hivi? Kijitabu kilichokuja na taa yetu kilikuwa cha Kichina na Kiingereza, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa. Shuleni umeme hufundishwa kwa Kiingereza, na huulizwa katika mtihani kwa Kiingereza. Mwanafunzi hukariri kwamba waya fulani ni wa rangi fulani, akapata alama zake, kisha akaenda nyumbani ambako baba, mama na fundi huongea Kiswahili au lugha ya mama, na kule maarifa yale hayana mlango wa kuingilia. Fundi naye hujifunza kazi kwa Kiswahili cha mtaani kilichochanganyika na vipande vya Kiingereza ambavyo hakuna aliyemfafanulia.

Najua pingamizi nitakalopewa. Wako watakaosema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sayansi, na wako watakaodhani kwamba ninataka kuwatungia mafundi maneno ya ajabu ya maktabani. Kwa wa kwanza nasema kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Wakati huo wazazi wa watoto ninaowazungumzia walikuwa watoto wenyewe. Kwa wa pili nasema kwamba sina ugomvi na maneno ya kukopa. Plagi, soketi, fyuzi na swichi ni maneno yetu sasa, kama meza na shule yalivyo yetu. Hata neno stima, ambalo Wakenya hulitumia kwa umeme, asili yake ni mvuke wa Waingereza. Na sisi wa Bonde la Ufa hatuna haja ya kulionea haya, kwa sababu kule Olkaria, karibu na Naivasha, umeme umekuwa ukizalishwa kwa mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981. Neno limezunguka dunia likarudi kwenye maana yake mlangoni petu.

Swali langu basi halihusu asili ya neno. Nauliza kama jina linabeba maana yake. Katika isimu twajua kwamba yapo majina yanayojieleza na yapo yasiyojieleza. Mwite mtu yeyote umwonye kuhusu "waya wa moto", naye ataurudisha mkono wake bila ya kufundishwa fizikia. Jina lenyewe limemfundisha. Lakini yule kijana alilijua jina la waya wa kijani kwa neno la Kiingereza alilolitamka kwa silabi mbili, na neno hilo kwake halikuwa na uhusiano wowote na udongo anaoukanyaga. Kwa hivyo aliuona ni waya wa ziada. Laiti angefundishwa kuuita "waya wa ardhini", angalau angejiuliza ni kwa nini waya uende ardhini, na swali hilo moja lingetosha kuizuia koleo.

Kinyume chake ni kweli pia. Wapo wanaouita waya wa kurudisha "waya baridi", na jina hilo ni la hatari kwa sababu linadanganya. Waya huo ukikatika mahali fulani huku taa ingali imeunganishwa, kipande kilichobaki upande wa taa hupata moto kama ule wa kahawia. Jina zuri laweza kuokoa maisha na jina baya laweza kuyakatiza. Hii si kazi ya wahandisi peke yao. Ni kazi yetu sisi walimu wa lugha, nasi tumeiacha tukishughulikia vitenzi vya watoto.

Wala tusidhani kwamba jambo hili linawahusu wenye matangi ya samaki pekee, ambao pengine ni wachache. Maji na umeme vinakutana kila siku katika nyumba zetu: kwenye bomba la kuogea lenye kipasha maji, kwenye pampu ya kisima, kwenye banda la kuku lililoangazwa kwa taa ile ile ya mulika mwizi, mvua ikinyesha. Katika Bonde la Ufa vimekutana kwa kiwango kikubwa zaidi. Maziwa yetu yalipopanda, Ziwa Naivasha liliingia katika makazi ya mtaa wa Kihoto mwaka 2020, na Ziwa Baringo lilimeza nyumba, shule na hoteli. Mtu anayekimbia maji usiku hana wakati wa kutafuta kamusi. Anapaswa awe amekwisha kujua, kwa lugha anayoiotea ndoto, ni swichi gani azime kwanza na ni waya gani asiuguse.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike na bidhaa hiyo, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Nikiviweka vifungu hivyo viwili pamoja, sioni ni vipi bidhaa inayoweza kuua iuzwe madukani mwetu bila ya onyo lililoandikwa kwa Kiswahili. Wanaosimamia ubora wa bidhaa zinazoingia nchini na walitafakari hilo.

Lakini sisi walimu tusingoje serikali. Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta mada ya insha ya maelezo na awape wanafunzi hii: "Eleza jinsi ya kuifunga plagi ya pini tatu." Mwalimu wa sayansi na ampe mwenzake wa Kiswahili dakika kumi za kipindi, wasimame wawili mbele ya darasa na plagi iliyofunguliwa mkononi, isiyounganishwa popote. Nanyi wanafunzi, nendeni nyumbani jioni mkahesabu ni plagi ngapi zilizoingizwa kwa kalamu au kwa kijiti. Msiziguse. Waambieni wazazi, kwa upole na kwa maneno wanayoyaelewa, waya wa kijani ni wa nini. Vyuo vya ufundi vilivyo katika miji yetu, kuanzia Molo na Njoro hadi Gilgil na Naivasha, vina vijana hodari. Tuwapelekee istilahi zinazojieleza, nasi tukae chini watufundishe zile wanazozitumia, kwa maana naamini wanayo mengi mazuri ambayo hayajafika katika kamusi zetu.

Taa yetu imerudishwa mahali pake. Ina plagi ya pini tatu, fyuzi ya ampea 3, tumbo la waya na minyororo miwili, na katika sanduku la umeme la nyumba kuna swichi ya kinga ambayo kila mwanzo wa mwezi binti yangu hukibonyeza kitufe chake cha majaribio kuona kama bado iko macho. Majani yamepata rangi yake ya kijani. Ile kalamu nyekundu nimeirudisha kwenye kazi yake ya kusahihisha mitihani. Na tangu siku ile, mtoto akiniambia jambo lisilo sahihi kisarufi, kwanza huinuka nikaenda kutazama.